Nyumba ya Warithi Sita



Mwenye kuingia Lamu kwa mashua akitokea Mokowe huziona nyumba kabla hajawaona watu. Mji hujipanga ukingoni mwa bahari: kuta nyeupe, matao ya ghorofani, makuti ya mapaa yakichungulia nyuma ya mapaa mengine, na chini yake punda wakingoja mizigo. Wageni hutoa simu zao wakapiga picha kabla chombo hakijafunga gati. Mimi nilikaa karibu na mwashi mmoja aliyekuwa akirejea kwao, mfuko wa vyombo vyake mapajani, naye alikuwa akiutazama mji ule ule kwa jicho la kazi. Alininyoshea kidole nyumba moja baada ya nyingine. Ile ina weusi chini ya mlizamu, maji ya paani yanateremkia ukutani. Ile imepigwa plasta ya simiti, tazama ilivyovimba. Ile ya tatu paa limelala katikati, boriti zimechoka. Hata tulipofika, picha niliyokuwa nayo mimi haikufanana na ya mtu yeyote mle chomboni.

Sikuwa nimekwenda kutembea. Niliitwa na aila ya mwenzangu mmoja tuliyesoma naye chuoni, ambaye sasa ni marehemu, Mola amrehemu. Aliacha mjane, vijana watatu, mabinti wawili, na nyumba moja ya mawe katika mtaa wa Mkomani. Miaka 10 imepita tangu tumzike. Katika muda wote huo nyumba haikugawanywa, haikuuzwa, wala haikuandikwa kwa jina la yeyote. Masika ya mwaka huu kipande cha dari kikaanguka usiku juu ya kitanda ambacho kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakikuwa na mtu. Kijana mkubwa, anayefanya kazi Mombasa, akanipigia simu: "Ami, twakuomba uje ukae nasi. Kuna mtu ataka kuinunua nyumba, na mama hataki hata kuyasikia maneno hayo."

Nikenda. Wanaoikumbuka njia ya zamani ya Garsen na Witu watanifahamu nikisema kwamba safari hii niliimaliza bila kushuka kusukuma gari. Lami imefika. Kilichobaki ni vizuizi vya askari na kuonyesha vitambulisho, kisha dakika chache za bahari.

Mji wa kale wa Lamu una sehemu mbili. Langoni iko kusini, Mkomani iko kaskazini, na Mkomani ndiko ziliko nyumba nyingi kubwa za mawe. Vichochoro vyake ni vyembamba hata punda mwenye karai za mchanga akipita, mpitaji hujibanza ukutani. Kwa nje nyumba haisemi kitu. Ukuta ni mtupu, dirisha ni dogo na liko juu, mapambo yote yako mlangoni. Mgeni hupokewa katika daka, penye mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana, na mgeni mwanamume asiye wa nyumbani huenda akamaliza shughuli yake papo hapo asijue kulivyo ndani. Anayepita huingia kwenye kiwanda kilicho wazi kwa juu, kisha msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, kila chumba kikiwa na faragha zaidi kuliko kilichotangulia, na huko ndani ukutani ndiko ziliko zidaka, zile safu za vishubaka vilivyokatwa kwa plasta ambamo mabibi wa zamani walipanga sahani na vikombe vyao vya China. Mjengo huu una adabu ndani yake. Aliyeuchora alimfikiria mwanamke wa nyumba kabla ya kumfikiria mpita njia. Kwa kuwa nyumba hiyo ina mjane na binti yake asiye na mume, nililala kwa jirani, na kila nilipoingia niliingia pamoja na kijana mkubwa.

Binti huyo mkubwa ndiye aliyetutembeza. Aliachwa miaka kadhaa nyuma, akarudi kwa mamake na watoto wawili. Alitutangulia na daftari la shule kwapani. "Karibu, ami, lakini usikanyage pale," akasema, akionyesha sehemu ya sakafu iliyozungushiwa viti ili watoto wasipite.

Niliyoyaona katika ziara hiyo, pamoja na maelezo ya yule mwashi wa mashuani ambaye nilimwomba aje kutazama, nayaandika kwa urefu, kwa sababu najua wasomaji wengi wa ukurasa huu, wa Mji wa Kale wa Mombasa, wa Malindi, wa Siyu na Pate, wana nyumba za namna hii au walizaliwa ndani yake.

Nyumba hizi zilijengwa kwa vitu vitatu ambavyo pwani yenyewe iliutoa: mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo katika tanuu. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Mti wa mkoko hauendi mbali kabla ya kupinda chini ya mzigo, basi vyumba vya kale vikawa virefu na vyembamba, aghalabu visizidi mita 3 kutoka ukuta hadi ukuta. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, kisha humwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto za matumbawe, nao ukapigwa kwa vigongo kwa siku kadhaa mpaka ukashikana. Hiyo ni sakafu ya walio juu na ni dari ya walio chini. Ni nzito mno, lakini ikiwa kavu hukaa vizazi na vizazi.

Kinachoiua ni maji, na maji hayaanzi kwa kuvuja. Huanza kwa ufa mwembamba kama uzi, ambao mwanamke anayefagia paa huuona na mwanamume anayelipa haoni. Mvua huingia hapo, ikateremka ndani ya mawe bila kuonekana, hata ikafika kwenye ncha ya boriti pale ilipozikwa ukutani. Mkoko una tanini nyingi, ndiyo maana mchwa hawaupendi. Lakini ncha iliyolowa ndani ya ukuta usiokauka huoza polepole, na mwenye nyumba hana habari, kwa sababu sehemu anayoiona, hiyo ya katikati, ni nzima kabisa. Siku boriti inapoteleza kutoka ukutani, watu husema dari imeanguka ghafla. Mwashi alichomeka bisibisi kwenye ncha ya boriti moja iliyokuwa jirani na ile iliyoanguka. Ikazama mpaka mpini.

"Sheikh, hii haikuanguka mwaka huu," akasema. "Mwaka huu imemaliza tu."

Tukapanda juu. Paani palikuwa na tangi jeusi la maji la lita 1,000. Kijana wa pili, aliye Muscat, alilinunua kwa hisani yake ili mama asihangaike na ndoo maji ya mfereji yanapokatika, na katika miji yetu ya pwani hukatika mno. Nani atamlaumu kijana aliyemnunulia mamake tangi? Lakini lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi likijaa ni tani nzima iliyokaa mahali pamoja, juu ya boriti zilizowekwa na watu ambao maji yao yalikuwa kisimani na katika birika la mawe la chooni. Mpira wa tangi ulikuwa ukitona. Chini ya pale palipotona ndipo penye kile kitanda.

"Nilisema," binti akaniambia kwa sauti ya chini. "Lakini lilikuwa lishanunuliwa, na lishapandishwa."

Zawadi ya pili ilikuwa katika msana wa tini. Kijana mkubwa, huyu huyu niliyekuwa naye, alituma pesa miaka mitano iliyopita ukuta uliokuwa ukimwaga unga upigwe plasta ya simiti, laini, imara, kama zile za nyumba mpya za Mombasa. Kwa mwaka mmoja ulipendeza. Kisha unyevu ukapanda juu ya ile plasta, mahali ambapo haukuwahi kufika tangu nyumba ijengwe, na plasta yenyewe ikaanza kutoka mabamba mabamba, nyuma yake kukiwa na chumvi nyeupe kama sufi.

Mwashi alilieleza jambo hili vizuri kuliko nilivyowahi kulisikia. Jiwe la tumbawe lina vitundu, na lina chumvi ya asili yake. Siku zote huvuta unyevu kutoka ardhini na hewani, na siku zote huutoa. Plasta ya chokaa inauacha unyevu upite, ukuta ukalowa na kukauka, ukalowa na kukauka. Simiti inauziba. Maji yaliyozuiwa hutafuta njia ya juu zaidi, na chumvi inayobaki nyuma hukua punje punje mpaka ikaisukuma plasta iliyoifungia. "Ukuta huu umevishwa koti la mvua ndani ya joto la Lamu," akasema, "na jasho halina pa kwenda." Chokaa ni laini mwanzoni na hukawia, lakini kila mwezi unaopita huchukua hewa na kugeuka tena kuwa jiwe, kama lilivyokuwa kabla ya kuingia tanuuni. Dawa yake ni kuitoa simiti yote kwa tindo, taratibu, kuuacha ukuta wazi ukauke kwa miezi, kisha kuupiga chokaa iliyozimwa na kulazwa siku nyingi.

Kijana mkubwa alisikiliza yote hayo mikono nyuma, asiseme neno. Kwa kweli fundi aliyempa shauri la simiti hakumtaka ubaya. Simiti inapatikana dukani leo hii, mfuko wake umefungwa, kazi yake huisha kwa wiki. Chokaa nzuri hungojwa. Boriti nazo zina mambo yake. Huuzwa kwa korija, yaani 20, na kati ya fito, pau, mazio, boriti na nguzo kila unene una jina lake na bei yake, na ukataji wake ni kwa leseni. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuzipeleka nje ya nchi. Februari 2018 ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na wakataji mikoko wa Lamu wakaguswa. Kila mlango wa namna hiyo ukifungwa, wenye nyumba hukimbilia vyuma na simiti. Mchanga wa ufuoni una chumvi, haufai. Ulio mzuri hufika kwa chombo hadi ukingoni na kwa punda hadi mlangoni, na kila anayeushika hulipwa. Tena mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo mwenye nyumba habadilishi sura yake kwa nje bila idhini. Mimi naliona hilo kuwa jambo la haki, ingawa mwenye ndoo saba sakafuni zinazopokea maji ya mvua huenda asiwe na moyo wa kunisikiliza.

Ndoo saba nimezitaja kwa kuwa zimo katika daftari. Binti ameandika kila kitu tangu mwezi wa pili baada ya kufa kwa babake. Tarehe, kilichofanywa, pesa zilizotoka, na mfuko uliotoa. Ufunguo wa mlango wa chooni. Makuti ya kibanda cha jiko juu. Fundi bomba, amekuja, hakumaliza. Fundi bomba mwingine. Chokaa ya kupaka kabla ya Ramadhani. Chokaa ya kupaka kabla ya Maulidi, kwa kuwa wageni huja. Mtu wa kuzibua mlizamu uliojaa majani. Waya wa stima ulioungua. Samaki wawili wa kutia katika birika wale viluwiluwi vya mbu. Na katikati ya hesabu hizo, mistari isiyo na pesa: "Mvua kubwa, tumehamisha magodoro usiku." "Mvua, ndoo saba." "Ndoo saba, mama hakulala." Mfuko uliotoa, katika kurasa nyingi, ni wake mwenyewe, wa maandazi na viazi vya karai anavyouza.

Mafundi wana sura kubwa katika daftari hilo, na mimi pia niliionja ladha yao kwa siku mbili, kwa sababu mwashi wangu alipoahidi kurudi na hesabu ya gharama alisema "kesho inshaallah", akarudi siku ya tatu. Neno hili tukufu, ambalo asili yake ni mja kukiri kwamba hana uwezo ila kwa Mola wake, siku hizi watu hulitumia kama pazia la kujifichia, na anayelisema mwenyewe anajua kwamba kesho hana nia ya kuja. Lakini nilipomuuliza, naye alikuwa na lake. Kazi mbili za mwisho alilipwa nusu, nusu nyingine ni ya "mwisho wa mwezi" usiofika, ndiyo maana hukamata kazi tatu kwa mpigo ili moja ikimwangusha nyingine imlishe. Wasomaji wanakijua kisa cha Suratul-Kahf, Khidhri alipousimamisha ukuta uliotaka kuanguka katika mji ambao watu wake walikataa kuwakaribisha. Ukuta ulikuwa wa mayatima wawili, naye hakutaka malipo. Hata hivyo Nabii Musa, alayhis-salaam, aliona kuwa ujira ungestahili. Fundi wa Mkomani ana watoto wanaokwenda shule.

Usiku wa nne tukakaa katika msana wa tini, chini ya plasta iliyovimba. Mjane na mabinti wake wawili upande mmoja, maana mdogo alikuja kutoka Malindi alikoolewa. Kijana mkubwa na mimi upande wa pili. Na wale wawili wengine, wa Muscat na wa Nairobi, ndani ya simu iliyowekwa juu ya mto.

Nilichukua karatasi nikaigawa nyumba mafungu 64. Mjane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ana thumuni, mafungu 8. Yanabaki 56 ya watoto, mwanamume mafungu mawili kwa moja la mwanamke: kila kijana 14, kila binti 7. Hesabu hiyo ni nyepesi, hata mtoto wa chuoni huifanya. Lakini iangalieni pamoja na dari. Wanaoishi ndani ya nyumba, mama na binti mkubwa, wana mafungu 15 kati ya 64. Wenye mafungu 49 wako Mombasa, Nairobi, Muscat na Malindi, na mvua hainyeshi juu ya vitanda vyao.

Mjane akasema: "Sheikh, baba yao alitaka nyumba hii iwe ya mabinti. Kama zamani." Na kweli, Lamu ya zamani wenye uwezo walikuwa wakiwajengea mabinti zao nyumba, mume akahamia kwa mkewe, na nyumba nyingine zikaunganishwa na ya wazazi kwa wikio, lile daraja linalopita juu ya kichochoro. Nikamuuliza kama aliandika, au kama aliwakabidhi mabinti nyumba akiwa hai. Hakuandika wala hakukabidhi. Alisema tu, mara nyingi, akiwa amekaa katika daka. Ilinibidi nimwambie shemeji yangu jambo ambalo sikupenda kulisema: nia ya marehemu haihamishi milki. Hiba hutimia kwa kukabidhiwa katika uhai wa mtoaji, na wakfu hutimia kwa kutamkwa, na busara ni kuuandika na kuushuhudisha. Baada ya hapo ni mirathi, na mirathi ameigawa Mwenyezi Mungu mwenyewe. Mabibi mnaosoma, ambao waume zenu au baba zenu husema maneno kama hayo wakiwa barazani, waulizeni karatasi iko wapi, nao wangali hai na wana afya. Hakuna utovu wa adabu katika kuuliza hivyo.

Kijana wa Nairobi akasema kwa uwazi kwamba anataka nyumba iuzwe. Ana ada za shule, na mnunuzi ana pesa taslimu. Wengi wameuza, na kwa miongo mingi sasa, hapa mjini na zaidi kule Shela, nyumba za kale zimekuwa mikononi mwa watu wa mbali. Na insafu ni kusema kwamba baadhi yao wamezitengeneza kwa chokaa na boriti, kwa mafundi wa hapa hapa, vizuri kuliko wengi wetu. Hakuwa na kosa kudai haki yake. Kosa lilikuwa miaka 10 ya kutodai wala kutojenga, ambayo si yake peke yake. Mahakama ya Kadhi ipo, ingeliweza kuwathibitishia mafungu yao katika mwaka ule ule wa msiba.

Aliuliza kama sharia inamlazimisha kuchangia paa. Nikamjibu kwa kitabu tulichosomeshwa, Minhaj at-Talibin ya Imam Nawawi. Katika mlango wa sulhu pana suala la ukuta wa washirika. Imam Shafi, katika kauli yake ya baadaye inayotegemewa, amesema mshirika halazimishwi kujenga. Katika kauli yake ya mwanzo alisema hulazimishwa. Na mwenye kutaka kuusimamisha tena ukuta ulioanguka kwa vifaa vyake mwenyewe hazuiwi.

"Basi mimi silazimishwi," sauti ikasema kutoka kwenye mto.

"Hulazimishwi, mwanangu. Wala huwezi kuwalazimisha hawa waliouze paa lao. Fungu lako ni lako, ukitaka kuliuza ni haki yako, lakini kabla ya mgeni washirika wako ndio wa kuulizwa kwanza."

Binti mkubwa akaniuliza swali lake, na ndilo lililokuwa zito kuliko yote ya usiku ule. Pesa alizotumia miaka 10, je, anaweza kuwadai ndugu zake? Kijana mkubwa alinitazama kama mtu anayeomba jibu fulani. Nikamweleza lilivyo: katika madhehebu yetu, anayetumia katika mali ya shirika bila idhini ya washirika wenzake wala ya hakimu huhesabiwa kuwa amejitolea, hana dai. Malipo yake yako kwa Mola wake. Na ndugu zake, wakitaka kumrudishia kwa hiari yao, hakuna kitabu kinachowazuia.

Akanyamaza. Kisha yule wa Muscat, ambaye muda wote alikuwa hasemi, akasema: "Dada, soma hilo daftari."

Akasoma. Alianza haraka haraka, kama mtu anayeona haya kwa vitu vidogo, makufuli na majani ya mlizamu. Kufika mwaka wa tatu alipunguza mwendo. Hakuziruka zile siku za mvua. Tangi likafika, na mpira wa tangi, na fundi bomba wa kwanza na wa pili. Simiti ikafika. Mama yake alikuwa akitazama sakafu. Ilichukua karibu saa nzima, na katika simu hapakusikika kitu isipokuwa feni ya chumba cha mtu huko Muscat.

"Hiyo ya ndoo saba," yule wa Muscat akauliza mwishoni, "ni mara ngapi?"

Akahesabu kwa kidole. "Kumi na tisa. Nilizoziandika."

Waliyokubaliana ni haya, na nimeyaandika kwa mkono wangu wakatia saini waliokuwapo, na wa mbali wakashuhudisha kwa sauti. Mauzo yangoje mwaka mmoja. Paa na boriti tano zifanywe sasa, gharama igawanywe kwa mafungu yale yale 64, na thumuni ya mama ilipwe na vijana wawili, mkubwa na wa Muscat. Tangi lishushwe kiwandani, kwenye ardhi, na pampu ndogo ipandishe maji. Simiti itolewe. Pasifanywe wala pasinunuliwe kitu cha nyumba hiyo bila binti mkubwa kuulizwa kwanza, na anachotumia kuanzia sasa kiwe kwa idhini ya wote, ili kidaiwe. Ya nyuma, vijana wawili wamesema watamrudishia kidogo kidogo. Wa Nairobi hakusema atarudisha. Alisema atalipa fungu lake la paa, na baada ya mwaka atauza fungu lake kwa yeyote atakayelitaka, nduguze wakiwa mbele. Binti wa Malindi aliuliza kama anaweza kulipa kwa awamu. Jambo la Kadhi nimelikabidhi kwa kijana mkubwa kwa tarehe, na tarehe hiyo nimeiandika katika shajara yangu pia.

Asubuhi ya kuondoka kwangu mafundi walikuja, saa tatu badala ya saa moja, lakini walikuja. Vijana wanne walilifunga tangi kwa kamba, wakalimwaga maji kwanza, wakaliteremsha huku jirani mzima amejaa kichochoroni akitoa maelekezo. Punda wawili walikuwa wamefika na boriti, moja ikiwa imepinda, na mwashi akakataa kuipokea, na mwenye punda akakataa kuirudisha. Wakati wanazozana, mwanafunzi wa mwashi aliingia na tindo na nyundo, akaupigia ukuta wa msana wa tini pigo la kwanza, na bamba la simiti la ukubwa wa sinia likaanguka.

"Ngojani," mjane akaita kutoka ndani. "Msigonge bado. Ngojani nitoe vikombe vyangu katika zidaka."

Wakangoja. Alivitoa kimoja kimoja, akimpa mjukuu wake kila kimoja kwa mikono miwili, na vilikuwa vingi.